Kuchora mwili wa binadamu: uanze na mwendo, kipimo au maumbo?

Nilipokaa tena mbele ya mtu aliye hai, kibao cha kuchorea magotini, baada ya miaka tisa bila kushika penseli, nilianza kama nilivyozoea zamani: kichwa, jicho la kushoto, jicho la kulia, pua. Dakika ishirini zikaisha. Uso ulikuwa umetoka vizuri, ila chini ya magoti karatasi ilikuwa imekwisha. Mtu wangu hakuwa na nyayo. Jirani yangu, ambaye alikuwa na wiki tatu tu tangu aanze kuchora, alikuwa na mtu kamili kuanzia utosini hadi kisiginoni. Sura yake ilikuwa mbaya, lakini alikuwa amesimama.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba anayeanza na anayerudi hawaumwi ugonjwa mmoja, na haifai wapewe dawa moja. Anayeanza hajui atazame wapi. Anayerudi anajua, ila mkono wake unachora yale unayoyakumbuka, hauchori kilicho mbele yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza njia ipi ya kujifunza ni bora, nami humuuliza kwanza yeye ni yupi kati ya hao wawili.

Njia zenyewe, ukiondoa majina mengi ambayo kila mwalimu huyapamba kivyake, ni tatu. Kuna kuchora mwendo, yaani michoro ya sekunde 30 hadi dakika 2 inayokamata mwili unafanya nini. Kuna kupima, ambako unalinganisha urefu, pembe na nafasi mpaka mchoro ulingane na unachokiona. Na kuna kujenga kwa maumbo, ambako kifua kinakuwa yai, nyonga zinakuwa sanduku, mikono na miguu inakuwa silinda.

Mkao mmoja, mikono mitatu

Tuchukue mkao mmoja tuone kila njia inaufanyaje. Mwanamke amesimama akitutazama, uzito wote ameutupia mguu wa kulia, mkono wa kushoto kiunoni. Ni mkao utakaokutana nao tena na tena.

Anayechora mwendo hashughuliki na uso wala vidole. Anatafuta mstari mmoja mrefu: unaanzia shingoni, unapita ubavuni, unapinda kwenye nyonga ya kulia iliyochomoza, unashuka hadi kwenye kifundo cha mguu unaobeba uzito. Anauchora kwa kuzungusha bega zima, si kwa vidole, kwa sekunde tano hivi. Kisha anaweka mteremko wa nyonga na mteremko wa mabega, na hiyo inapingana: nyonga ya kulia imepanda kwa kuwa mguu wa kulia unaisukuma juu, bega la kulia limeshuka ili mwili usianguke. Muda umekwisha. Hakuna pua, hakuna kiganja, lakini mwonyeshe mtu yeyote atakuambia: huyu amechoka kusimama.

Anayepima anatoa timazi. Si lazima iwe ya fundi mwashi. Uzi uliofungwa ufunguo unatosha. Ananyoosha mkono, anafumba jicho moja, anaupitisha uzi kwenye kile kishimo cha shingo kati ya mitulinga miwili, halafu anatazama unaangukia wapi chini. Katika mkao huu unaangukia karibu na kifundo cha mguu wa kulia, upande wa ndani. Mkono wa anayeanza hupenda kukiweka kishimo hicho juu ya nafasi iliyo katikati ya nyayo mbili, ndiyo maana watu wake huonekana kama wanataka kuanguka. Kisha anapima kichwa kwa penseli: ncha utosini, ukucha wa kidole gumba kidevuni, kiwiko kimenyooka kabisa, kwa sababu kiwiko kikikunjwa hata kidogo kipimo kinabadilika. Anashusha kipimo hicho mwili mzima. Mtu mzima wa kawaida hufika vichwa 7 na nusu hivi. Wachoraji wengi hutumia 8 kwa kuwa kinagawanyika vizuri na kinamrefusha mtu akapendeza. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, naye aliandika kwamba kichwa ni sehemu moja kati ya nane za urefu. Jambo linalowashangaza wengi ni katikati ya mwili: haiko kitovuni, iko chini zaidi, pale miguu inapogawanyika.

Anayejenga maumbo anauona mkao huo kama vitu vinavyobebana. Yai la mbavu limelalia kulia, sanduku la nyonga limelalia kushoto. Upande wa kulia vimekaribiana, ngozi imejikunja kiunoni. Upande wa kushoto vimeachana, ngozi imevutika. Swali lake kubwa ni hili: je, sanduku hili ninaliona kutoka juu au kutoka chini? Kama macho yake yako usawa wa kiuno cha modeli, yaani mtu anayekaa achorwe, basi kifua anakiona kutoka chini na magoti kutoka juu, na mikunjo ya nguo, mkanda, hata pindo la sketi vitapinda kufuata hivyo. Mkono ule wa kiunoni ukielekea kwake kidogo, silinda ya pili, ile ya chini ya kiwiko, itaonekana fupi kuliko akili inavyomwambia, naye ataikubali hivyo hivyo, fupi.

Mkao ni mmoja, lakini michoro mitatu itafanana kidogo sana. Wa kwanza una uhai bila usahihi. Wa pili ni sahihi, lakini ukikaa nao sana unakauka kama picha ya kitambulisho. Wa tatu una uzito na kina, na siku mbaya unakuwa roboti.

Nani achague ipi

Anayeanza kabisa, ushauri wangu ni kipimo kwanza. Najua walimu wengi watanipinga. Desturi ya madarasa mengi ni kuanza na mwendo tangu siku ya kwanza. Hoja yao ni nzuri: mwendo unaondoa woga, unamzoeza mtu kuchora mwili mzima kabla ya kope. Lakini nimewaona wanaoanza wakijaza daftari tatu za michoro ya mwendo, na kichwa kikabaki kikubwa kama siku ya kwanza. Sababu ni kwamba anayeanza anachora alama. Jicho kwake ni samaki mwenye doa, kiganja ni uma wa meno matano, mguu ni fimbo yenye kiatu. Ukimwambia ahisi mwendo atachora samaki yule yule, kwa haraka zaidi. Kipimo ndicho pekee kinachobishana naye. Penseli inamwambia kwamba macho yako katikati ya kichwa, si juu. Kwamba kiganja kikiwekwa usoni kinafika kutoka kidevuni hadi karibu na nywele. Kwamba mkono ukining'inia, kifundo chake kinafika usawa wa pale miguu inapogawanyika. Hataki kuamini, anapima tena, penseli inarudia jibu lile lile.

Miezi miwili ya namna hiyo, kila kipindi kikitanguliwa na dakika kumi za mwendo ili mkono usigande, nadhani inamtosha.

Anayerudi, kinyume chake. Mwendo kwanza, na mwezi wa kwanza asipime chochote. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na anayerudi ni mazoea matupu. Ana namna yake ya kuchora pua, ameipenda tangu ujanani, ataitia kwa kila mtu hata kama pua haiko hivyo. Tena ana kidonda cha siri: daftari la zamani. Kila mchoro mpya anaulinganisha na ule bora aliowahi kuchora, wala halinganishi na ile mia mbili mibovu aliyoitupa. Akianza na mchoro wa saa tatu ukaharibika, atalifunga daftari kwa mwaka mwingine. Mchoro wa dakika moja hauna mtu wa kuulilia. Umekosea, unageuza ukurasa. Kwa bahati nzuri, vipimo alivyojifunza zamani havijapotea. Vitarudi vyenyewe mkono ukilegea. Kwangu vilichukua wiki kama tano, na nililijua hilo siku nilipogundua nimechora nyayo bila kuzifikiria.

Kuna mfano unaonipinga kidogo, na sitauficha. Kati ya 1866 na 1871 mchoraji Charles Bargue, akishirikiana na mchoraji mwenzake Jean-Léon Gérôme, alitoa nchini Ufaransa mfululizo wa karatasi 197 za kunakili: sanamu za plasta, michoro ya wachoraji mashuhuri wa zamani, na sehemu ya mwisho, karatasi 60 za miili ya uchi iliyochorwa kwa mistari michache. Huko ni kupima kwa kwenda mbele. Unaanza na mistari iliyonyooka, pembe kwa pembe, mviringo unakuja baadaye. Vincent van Gogh alipoamua kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27, aliziomba karatasi hizo akazinakili. Miaka kumi baadaye, Juni 1890, alimwandikia ndugu yake Theo akitaka zile 60 tena, kwa hofu kwamba akiacha kujifunza uwiano na mwili atapungukiwa. Alikufa Julai mwaka huo huo. Basi mtu mmoja, mwanzoni na mwishoni, aliiendea njia ile ile ya kipimo. Jibu langu ni kwamba Van Gogh hakuwa anarudi, hakuwahi kuacha. Wewe na mimi tuliacha.

Maumbo nayaweka nafasi ya tatu kwa wote wawili, isipokuwa kwa mtu mmoja: anayetaka kuchora bila modeli. Kama lengo lako ni katuni, uhuishaji au wahusika wa michezo ya kompyuta, usisubiri. Kipimo kinahitaji kitu cha kupimwa, na mtu anayeruka kutoka paa hadi paa kichwani mwako hawezi kusimama umpime. Yai na sanduku unaweza kuyageuza upande wowote ukiwa peke yako na karatasi.

Njia hizi si maadui. George Bridgman alifundisha miaka mingi katika Art Students League ya New York, mwili kwake ukiwa magogo yaliyokabana na kushikana. Kimon Nicolaïdes alikuwa mwanafunzi wake, naye akaja kufundisha katika shule hiyo hiyo akiwasukuma wanafunzi wakimbizane na mwendo. Aliyetokea kwenye magogo ndiye aliyekwenda kuwa mwalimu wa mwendo.

Mtu hai au picha

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Picha ina faida ambazo mtu hai hana. Haichoki, haikuonei aibu, inapatikana usiku wa manane, na inaweza kukupa mtu aliye hewani katikati ya kuruka. Tovuti kama Line of Action hukubadilishia picha zenyewe kwa muda unaouchagua, sekunde 30, dakika moja, dakika tano, na kwa mazoezi ya mwendo hilo linafaa sana.

Lakini kamera inadanganya kwa njia tatu. Kwanza, lenzi pana ya simu ikiwa karibu inavimbisha kilicho mbele: mpige picha mtu aliyekaa, magoti yakiwa karibu nawe, na magoti yatakuwa makubwa kuliko kichwa. Ukiinakili utajilaumu kwamba umekosea uwiano, kumbe umenakili kosa kwa uaminifu. Pili, kivuli. Jicho linaona vitu ndani ya kivuli. Picha mara nyingi inakizima kikawa doa jeusi, na wewe unajaza doa jeusi. Tatu, kamera ina jicho moja nawe una mawili, kwa hiyo ile hisia kwamba kiwiko kiko mbele ya kiuno imeshafutwa kabla hujaanza.

Mtu hai naye ana usumbufu wake. Anapumua. Ndani ya dakika kumi kichwa kinainama kidogo, nyonga inashuka, vidole vinalegea, na ukifuata kila badiliko utachora watu wanne katika mmoja. Dawa yake ni kuamua mapema: dakika mbili za kwanza weka mistari mikuu, halafu ishikilie hata modeli akiiacha. Hilo la kuamua ndilo somo ambalo picha haiwezi kukufundisha.

Uamuzi wangu: anayeanza, nusu kwa nusu, na kwa kazi za kipimo picha zinavumilika. Anayerudi, akiweza, mtu hai zaidi, kwa sababu picha inamruhusu aendelee na ujanja wake wa zamani. Huna modeli? Una mkono wako wa kushoto na una kioo. Kuna abiria wanaosinzia, ingawa huamka kila ukifika masikioni. Ukilazimika kupiga picha zako mwenyewe, rudi nyuma mita tatu au nne, weka simu usawa wa kiuno cha unayempiga, halafu vuta picha karibu badala ya kumsogelea.

Makaa, penseli au tableti

Kijiti laini cha makaa ya kuchorea hakiruhusu udogo. Hata ukitaka kuchora kope, kitakuchorea wingu. Ndiyo sababu nampa anayerudi makaa na karatasi kubwa, A2 ikiwezekana, iliyoegemezwa wima ili mkono utoke begani. Kinafutika kwa kitambaa, kwa hiyo kosa halina uzito. Kinachafua mikono, shati na mlango, basi jiandae.

Penseli ni ya kipimo. 2B, iliyo laini, inatosha kwa karibu kila kitu. HB, iliyo ngumu zaidi, kwa mistari ya mwanzo kama mkono wako ni mzito. Ubaya wake ni kwamba inakaribisha kuchora kidogo kidogo, mstari wenye manyoya kama kamba iliyofumuka, na anayeanza huona manyoya hayo ni ustadi. Mstari mmoja uliokosea ni bora, maana unaonekana umekosea wapi.

Tableti naiheshimu, hasa kwa anayeelekea kwenye uhuishaji. Ila kile kitufe cha kurudisha nyuma ni sumu tamu. Nilijihesabia siku moja nikakuta nimekibonyeza mara 40 kwa bega moja. Na kukuza picha kunakurudisha kwenye kosa langu la kwanza: uso mzuri, nyayo hakuna.

Raba, kwa njia yoyote uliyochagua, iache mfukoni mwezi wa kwanza.

Anatomia sasa au baadaye

Baadaye. Kukariri majina ya misuli kabla hujaweza kumsimamisha mtu kwenye karatasi ni kutwanga maji kinuni. Anayerudi hulipenda kosa hili kwa sababu linafanana na kazi: ananunua kitabu kinene, anachora bega lililochunwa ngozi, anajisikia amesonga mbele.

Kinachofaa mapema ni alama chache za mifupa inayogusa ngozi, kwa sababu hazihami mtu akinenepa au akikonda: kishimo cha shingo, ncha za mabega, mwisho wa mfupa wa kifua, zile ncha mbili za mbele za nyonga, magoti, vifundo. Zipapase mwilini mwako sasa hivi. Ukifika kwenye kifundo cha mguu utaona mfupa wa ndani uko juu kuliko wa nje. Badili mteremko huo mdogo ukauweka sawasawa, na mguu mzima unageuka kiatu cha dukani. Alama hizo zinatosha kwa mwaka.

Peke yako au na wenzako

Hili nalimaliza haraka. Peke yako unajipangia muda, na unajidanganya utakavyo. Darasani, hata lile lisilo na mwalimu ambalo watu wanachangia modeli tu, kuna ukuta ambako michoro ishirini ya mkao mmoja inawekwa kando kwa kando, na hapo unaona bila kuambiwa kwamba wewe peke yako ndiye uliyemchora mtu aliyesimama wima wakati wote wengine wamemwona ameinama. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Mpangilio wa vipindi hivi karibu kila mahali ni ule ule: mikao ya dakika moja, kisha mbili, tano, kumi, halafu ile mirefu. Wanaorudi wana tabia ya kuchelewa makusudi ili wakute mikao mirefu imeanza. Nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa na visingizio vizuri. Ukichelewa kweli ukakuta modeli ameshakaa mkao wa dakika ishirini, usiuchore mara moja. Chora dakika tano, geuza karatasi, sogeza kiti hatua mbili kushoto bila kumziba mwenzako, anza upya. Inatoka mara nne kamili.